Peoni ya Viggo

Sogezeni viti, wanangu, na wewe Aksel zima hiyo redio, bei ya nguruwe utaisikia kesho, nami kesho sina uhakika nayo. Inger, acha kunipangia mito, umeipanga mara tatu sasa, keti. Elna, wewe njoo huku mbele, hapa penye mwanga wa dirisha, kwa sababu haya nitakayoyasema ni yako kuliko ya hawa niliowazaa, na nataka niuone uso wako ninapoyasema, ingawa najua nitajuta kuuona. Daktari amewaambia pale jikoni kwamba mapafu yangu yamejaa maji, akadhani kwa kuwa nimevunjika nyonga basi na masikio nayo yamevunjika. Nilimsikia. Nina miaka themanini na miwili, sina ugomvi na daktari. Ninachoomba ni kwamba mtu asinikatize, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya safari moja, nikisimama njiani sitaanza tena.

Kwanza mali, tuimalize. Shamba ni lako, Aksel, lote, kuanzia barabarani hadi kijitoni, kama alivyotaka marehemu baba yenu, na lile bonde la chini usilipande mahindi miaka miwili mfululizo kwa sababu linachoka, nimekwambia hilo tangu una nywele. Inger, chukua kabati la buluu la bibi yenu, lile lililovuka bahari kutoka Denmark, na birika la kahawa la shaba, na vitambaa vyote vya meza; usinitandikie hata kimoja ndani ya jeneza, ni upotevu. Ila safu ya maua ya peoni iliyo upande wa kusini wa nyumba, mashina arobaini na moja, Aksel, nilikuona kupitia dirisha hili ukiipima kwa hatua, nami nikajua unawaza banda la trekta. Safu ile umeikosa. Nampa Elna. Akitaka aichimbue yote aipeleke kwake mjini, akitaka aichome moto, na akishaamua ndipo utajenga banda lako. Sababu ya kumpa yeye ndiyo iliyonifanya niwaiteni mchana huu nyote watatu.

Mmeniuliza wiki tatu mfululizo, kila mmoja kwa zamu yake, nilikuwa nafanya nini makaburini asubuhi ile ya Septemba, peke yangu, na sepetu mkononi. Inger ukasema mama ameanza kuchanganyikiwa. Mchungaji, kwa upole wake, akasema bila shaka nilitaka kupalilia kaburi la mume wangu. Nikawaacha mwamini hivyo. Lakini nyie mlionikuta pale mnajua nilikuwa nimeanguka wapi, na kaburi la Laurits liko mbali na pale. Nilikuwa nimelala juu ya kaburi dogo la Viggo, mtoto wa mdogo wangu Dagny, kaka yako Elna ambaye hukumwona. Nilikwenda kuchimbua kitu nilichokifukia pale kwa mikono yangu miaka arobaini na minane iliyopita.

Tulizaliwa wawili, mimi na Dagny, nami nilimtangulia miaka minne. Mama alipofika huku Iowa, Marekani, alikuwa na mizizi mitatu ya peoni kwenye soksi ya sufu, nyekundu mbili na moja nyeupe, nyeupe ile yenye tone jekundu katikati kana kwamba mtu amejichoma sindano juu yake. Alinifundisha mimi kuzitunza kwa sababu Dagny hakuwa na subira; alikuwa akipanda figili leo, keshokutwa anaing'oa aone imefikia wapi, kisha anairudishia shimoni na kushangaa inaponyauka. Alikuwa mtu wa kicheko. Nikipanga vigingi vya maharage kwa kamba, alikuwa akisimama nyuma yangu na kusema, “Dada, wewe hata jeneza lako utalipima uone kama limenyooka.” Mama alikuwa anacheka mpaka anajifuta machozi kwa aproni. Mimi nilikuwa sicheki.

Mama aliniambia peoni haina haja ya kubembelezwa. Ipe jua na nafasi ya kupumua, usiirundikie samadi shingoni, ifunge kamba kabla ya mvua za Mei maana kichwa chake ni kizito kuliko shingo, kata majani yote vuli yanapokauka, na usiihamishehamishe, maana inapenda kukaa mahali pamoja kuliko watu wanavyopenda. Sisimizi wakijaa kwenye vichwa vyake waache, hawaibi kitu. Lakini siku ya kuipanda, akasema, siku hiyo pima. Yale macho mekundu yanayochomoza juu ya mzizi yakae vidole viwili tu chini ya udongo, kwa sababu yanataka kuusikia ubaridi wa majira ya baridi. Ukiyashusha zaidi, haitakufa. Itatoa majani kila mwaka, ya kijani, yenye afya, na haitachanua kamwe, na mtu anayeitazama kwa juu hatajua kasoro iko wapi.

Hayo niliambiwa nikiwa na miaka tisa. Kwa hiyo asije mtu hapa, nikishazikwa, akasema bibi yule alikosea.

Mtoto wangu wa kwanza hamkumjua ninyi. Mmeona jina lake kwenye jiwe, Petrea, mkapita. Alikuwa na miaka mitano, mwenye maneno mengi, aliyekuwa akiwapa kuku wote majina ya wanawake wa kanisani na kuwakaripia kwa sauti ya mchungaji. Mwaka elfu moja mia tisa na saba, wiki mbili kabla ya Krismasi, Dagny alikuja kututembelea kwa sleji ya kukokotwa na farasi, theluji imefika magotini, na Viggo wake mdogo amefungwa blanketi, anakohoa. Nilisimama mlangoni nikamwuliza, “Dagny, na hicho kikohozi?” Akasema, “Ah, dada, ni makamasi tu, au unataka nimwache nje alale na farasi?” Akaingia. Petrea akambeba Viggo siku nzima kama mwanasesere. Siku ya sita Petrea akaanza kulalamika koo. Ilikuwa dondakoo. Sitawasimulia dondakoo inavyomfanya mtoto, mtakuja kuota. Alikufa tarehe ishirini na mbili, na lile gauni la Krismasi nililokuwa nimemshonea ndilo aliloenda nalo, pindo bado halijamalizika.

Viggo akapona. Aliporudi tena nyumbani kwangu mwezi Machi, mnene, mashavu mekundu, akaja akanishika sketi. Nilimwondoa mkono polepole, kidole kimoja kimoja.

Sikumwambia Dagny neno. Hiyo ndiyo tabia yangu mnayoisifia, mnayoiita ustahimilivu. Nilimpikia kahawa, nilimshonea, nilikwenda kumsaidia wakati wa kupura ngano, na kila nilipomtazama nilikuwa nikisema moyoni, wewe ndiye uliyeniletea kifo mlangoni, ukakifanyia mzaha.

Basi, Agosti ya mwaka wa kumi, Viggo ana miaka minne, Dagny aliingia ndani kutoa mikate kwenye oveni. Mikate minne. Alinisimulia mara nyingi sana, jinsi alivyoutoa wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne ukang'ang'ania kwenye bati akauhangaikia kwa kisu. Alipotoka nje, mtoto alikuwa ndani ya birika la kunyweshea ng'ombe, kifudifudi, na ng'ombe wawili wamesimama kando yake wanakunywa.

Alikuja kwangu mwezi uliofuata. Hakukaa kitini, alikaa pale kwenye ngazi ya mlango wa jikoni. Akasema, “Dada, nigawie ile nyeupe ya mama. Nataka nimpandie Viggo. Kila mwisho wa Mei, siku ya kupamba makaburi, wengine wanakuja na maua yao kwenye ndoo, mimi nataka yeye awe na lake pale pale, aamke nalo.” Kisha akasema, “Lakini nipandie wewe. Mimi mkono wangu unaua kila kitu.” Alisema hivyo kama alivyozoea kusema kila siku juu ya figili zake. Halafu akajisikia alichosema. Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, akakaa hivyo, na mimi nikasimama nimeshika taulo la vyombo wala sikumgusa.

Nilimgawia. Nilichagua kipande kizuri, chenye macho matano, kwa sababu sikutaka kife. Tulikwenda sote wawili makaburini. Nilichimba kama mama alivyonifundisha, mapana, udongo laini, kisha nikamwambia Dagny, nenda kachote maji pampu ya nyuma ya kanisa. Alipozunguka ukuta nikaendelea kuchimba. Nilichimba shibiri nzima na zaidi. Nikaushusha ule mzizi, nikayatazama yale macho mekundu mara moja, nikayafukia. Mkono wangu haukuteleza, wanangu, wala sikuwa na hasira iliyonipofusha. Nilikuwa mtulivu kuliko nilivyokuwa miaka mitatu yote. Nilisema, wangu haongei, basi wako asichanue.

Dagny akarudi na maji. Akamwagilia, akapiga magoti, akaushindilia ule udongo kwa viganja vyake, polepole, kama mtu anayempigapiga mtoto mgongoni alale. Akaniambia, “Asante, dada. Sijui ningefanya nini bila wewe.”

Umeutoa mkono wako kwenye wangu, Elna. Ni sawa. Nilijua utautoa hapo. Lakini bado hujasikia, tafadhali kaa.

Mwaka wa kwanza nilimwambia peoni haichanui mwaka wa kwanza, na ni kweli. Mwaka wa pili nikasema ngoja wa tatu. Mwaka wa nne, siku ya kupamba makaburi, wamekusanyika watu wote na ndoo zao, Kirstine yule mke wa mwenye duka akasimama mbele ya kaburi la Viggo akasema kwa sauti, “Dagny, hilo lako dume nini? Majani tu kama kabichi! Leta siki tukatengeneze achari.” Watu wakacheka, hawakuwa na ubaya, na Dagny naye akacheka, tena akacheka kuwashinda. Kisha tukiwa njiani kurudi, ndani ya gari la farasi, kicheko kimemwisha, akaniambia, “Dada, mtoto huyu hanitaki.” Nikamwambia asiseme upuuzi. Akasema, “Hataki kitu kutoka kwangu. Nilimwacha kwa ajili ya mkate, sasa ananiambia kaa na mkate wako.”

Mngefikiri hapo ningesema. Mtu yeyote angesema hapo. Niliitazama njia.

Na sasa nisikilizeni vizuri, Aksel na Inger, kwa sababu hili ni la baba yenu. Mwaka wa kumi na sita, Laurits alipokuwa anakufa kwa ule ugonjwa wa tumbo, humu humu chumbani, alinishika kifundo cha mkono akasema ana jambo. Akasema kuwa Desemba ile alikwenda kwa seremala mmoja wa ng'ambo ya kijito kuchukua kitanda kidogo cha mwanasesere alichokuwa amemwagizia Petrea kwa siri, zawadi ya Krismasi. Alipofika akakuta watoto wawili wa yule mtu wamelala karibu na jiko, koo zimevimba, na mke anamwambia asikae. Alikaa. Alikunywa kahawa. Alirudi na kile kitanda chini ya koti, akakificha, na jioni ile ile akambeba Petrea mabegani. Hiyo ilikuwa kabla Dagny hajaja, siku tatu kabla. Wale watoto wa seremala walikufa wote wawili. Makamasi ya Viggo yalikuwa makamasi.

Laurits alilia, akaniomba msamaha, nikamwambia nimekusamehe, akalala kama mtoto na asubuhi hakuamka. Nami nilimchukia kwa jinsi alivyopata wepesi, akautua mzigo wake juu yangu akaenda zake. Sasa mnaniona nami nafanya vile vile, najua, hamna haja ya kuniambia.

Tangu siku hiyo sikuwa na kisingizio tena. Nilijua mdogo wangu hana kosa, nilijua mzizi uko wapi, na nilijua dawa yake ni asubuhi moja ya kazi katika mwezi wa Septemba. Mwaka wa ishirini mzee mmoja kanisani alimwambia Dagny huenda ilipandwa chini mno, ichimbueni muangalie. Dagny akaja mbio kwangu, amechangamka kama msichana, baba yako Elna yuko nyuma yake na sepetu begani tayari. “Dada, twende tukaangalie!” Nikamjibu, “Msiiguse. Niliipanda kwa mkono wangu, na peoni haitaki kusumbuliwa. Ukiichimbua utaiua.” Uso wake ulivyoshuka. “Basi,” akasema, “wewe ndiye unayejua.” Akamwambia mumewe rudisha sepetu.

Ile ya kwanza niliifanya kwa uchungu wa mtoto, na labda Mungu ana mahali pa kuiweka. Hii ya pili niliifanya kwa sababu wangeyakuta yale macho shibiri nzima chini, na watu wote wangejua kwamba Sidsel Bruun, ambaye kila mwenye bustani anamwuliza, hakukosea. Nililinda jina langu. Nilimwacha mdogo wangu aendelee kuamini kwamba mwanawe amemkataa, ili mimi niendelee kuitwa mtu mwema.

Wewe, Elna, ulilipia. Ulikuwa na miaka minane wakati huo. Unakumbuka kamba? Mama yako alikufunga kamba kiunoni akaiunganisha na nguzo ya baraza mpaka ulipokuwa na miaka sita, watu wakamcheka, na ulipofika umri wa kufunguliwa akawa anakutuma makaburini kila kiangazi na kopo la maji, maili nzima kwa miguu, ukamnyweshe kaka yako labda atalainika. Nilikuwa nakuona ukipita barabarani hapa, kopo likikupiga mguuni. Nilikuwa nakuita nikupe biskuti. Uliniambia siku moja, “Mama mkubwa, mama hanipendi sana, anaogopa.” Nikakupa biskuti ya pili.

Kila Mei nilikata vichwa vya peoni zangu vikiwa bado vimefunga, nikavizungushia gazeti, nikaviweka sakafuni kwenye ghala la chini penye baridi ili visubiri siku ya kupamba makaburi, kisha nikaenda na ndoo tatu. Kila mwaka niliweka ya kutosha juu ya kaburi la Viggo, katikati ya yale majani matupu. Nilidhani nafanya jema. Dagny akanishukuru mwaka mmoja, akasema bila kinyongo hata kidogo, “Yako anayapokea.” Miaka arobaini na saba alikuja pale akiwa na tumaini asubuhi na akaondoka bila kitu, mpaka nywele zikaisha weusi, mpaka mumewe akazikwa hapo kando, mpaka akawa anakuja na mkongojo. Hakukosa mwaka hata mmoja.

Mwezi Machi mwaka huu mliniita kwake. Elna ulitoka kwenda kuchemsha maji, tukabaki sisi wawili. Alikuwa amekuwa mdogo kitandani, mdogo kama alivyokuwa zamani tulipolala kitanda kimoja na miguu yake ya baridi mgongoni mwangu. Akaniambia, “Dada, sasa nakwenda kulala karibu yake. Unafikiri nikiwa huko chini, karibu hivyo, atakubali?” Nilifungua mdomo. Nawaapia nilifungua mdomo na maneno yalikuwa yamefika hapa, kwenye meno. Nilikuwa na dakika nzima, hata ule mvuke wa birika nilikuwa nausikia jikoni. Angenisamehe. Hilo ndilo lisiloniacha kulala, najua angenisamehe, hata angenicheka, angesema, dada, miaka yote hiyo hata mimi na figili zangu sikuwahi kuzika kitu chini hivyo. Angekufa akijua mtoto wake hakuwahi kumkataa.

Nikasema, “Labda.”

Elna ukarudi na maji.

Mwezi Mei tulikwenda bila yeye, mkaniona nimesimama. Majani yalikuwa yametoka, yamenawiri kuliko miaka yote. Nikasubiri Septemba, maana peoni haichimbuliwi kabla ya hapo, ndipo nikachukua sepetu. Nilitaka niinyanyue kimya kimya, niipande inavyotakiwa, nife, na nyie mje kuona maua mkashangaa. Hata hapo, mnaona, nilikuwa bado najificha. Nilikanyaga sepetu mara mbili. Udongo ulikuwa umefunga kama matofali. Mara ya tatu mguu ukateleza, nikasikia nyonga ikivunjika kama kuni kavu, nikalala pale na uso wangu kwenye majani yake mpaka karibu saa sita mliponikuta. Nilikuwa na muda mrefu wa kuzungumza na Dagny, kaburi lake likiwa umbali wa mkono. Nilizungumza.

Sikuombi unisamehe, Elna. Msamaha ulikuwa wa mama yako kuutoa, nami nilimnyima hata huo. Nakwambia tu ili ujue. Alikupenda. Kilichomrudisha nyuma kila alipokukaribia ni mimi.

Nenda. Nenda, mwanangu. Inger, mwache apite, usimshike. Usimwambie neno.

Amefunga mlango taratibu. Mama yake naye alikuwa hivyo, hakuwahi kubamiza mlango.

Nipe maji, Aksel. Hapana, kijiko tu. Basi.

Nani anafungua ghala? Nenda dirishani uniambie. Amechukua nini? Sepetu. Na gari ameligeuzia upande gani? Wa kanisani. Sijui anakwenda kuipanda upya au anakwenda kuing'oa aitupe barabarani, na yote mawili ni haki yake, lakini nawaagiza ninyi mkamsaidie, na kama ni kuipanda, fanyeni hivi, kwa sababu hakuna mwingine wa kuwaambia. Achimbe mbali na shina, urefu wa mkono mzima kuizunguka, maana mizizi ya umri huo ni minene kama kigasha changu na ikikatwa ovyo itaoza. Aisafishe kwa maji ndipo aone pa kukata. Kisu kikali. Kipande kimoja kiwe cha Viggo, kimoja cha Dagny, na kila kimoja kisipungue macho matatu. Kina anakijua sasa. Asiitie samadi. Ardhi ikiganda, aifunike kwa majani makavu mwaka huu wa kwanza tu, na Machi ayaondoe. Asitazamie kitu mwaka kesho, wala wa pili. Labda wa tatu. Ua likitoka, litakuwa limemchelewea aliyelingoja, mwambieni asijidanganye kwamba mama yake ataliona, mimi sijidanganyi.

Kwangu mimi msipande kitu. Nyasi tu. Na siku ya kupamba makaburi msiniletee ua hata moja, Inger, unasikia? Ukiniletea nitajua. Nizikeni mwisho wa safu, kando ya Petrea, si karibu na Dagny. Mwambieni mchungaji asinisifu. Mkishanywa kahawa ya mazishi, mwambieni yeye haya yote, na Kirstine kama bado yuko hai, na kanisa lote. Nimetaka jina, basi na walijue.

Nimechoka. Kifua... ngoja.

Aksel, piga magoti, na wewe Inger. Sijui kama baraka ya mtu kama mimi inafika popote, lakini ndiyo niliyo nayo, ipokeeni hivyo hivyo. Bwana awalinde mnapotoka na mnapoingia. Mkiwa na neno la kumwambia ndugu yenu, Bwana awape ulimi siku ile ile, msingoje... msingoje kama mimi. Watoto wenu wakue mbele ya macho yenu. Mkate wenu usiwe na uchungu. Na Elna... Elna hakuisubiri. Hana kosa. Bwana amfungue, amwondolee... amrudishie mama yake, hata kwenye ndoto, akiwa anacheka. Itikieni amina kwa ajili yake, maana hayupo. Itikieni.

Aksel? Inger?

Mbona hamwitikii... au mmeitikia... sisikii.